Mto Uliofunikwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Barafu, Magugu Maji na Mwendo wa Maji

Majibu haya ni kwa wasoma rula za mito (vibao vyenye alama vya kusomea usawa wa maji), wanafunzi wa fani ya maji, jumuiya za watumia maji, na wenye pampu za umwagiliaji kuanzia Magu hadi Sengerema. Maswali ya barafu tumeyaweka pamoja na ya magugu maji kwa makusudi, kwa sababu anayeelewa la kwanza hatahangaika na la pili.

Barafu inatuhusu nini sisi tunaoishi kandokando ya Ziwa Victoria?

Moja kwa moja, haituhusu. Ziwa letu liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu kabisa na mstari wa ikweta, na maji yake ya juu hukaa kwenye nyuzijoto ishirini na kitu mwaka mzima. Ili mto ugande, maji yake lazima yashuke hadi nyuzi 0, na hakuna mto hata mmoja wa bonde hili unaokaribia hapo. Anayetaka kuona barafu ya kudumu Tanzania apande Kilimanjaro.

Ila elimu ya mito iliyofunikwa imejengwa huko inakoganda: Kanada, Urusi, Ufini, Norwei. Mwanafunzi wa maji wa Mwanza ataikuta kwenye vitabu na kwenye mitihani. Zaidi ya hapo, midomo ya mito yetu hufunikwa na magugu maji, na maji yaliyo chini ya magugu hutii kanuni zilezile za msuguano. Kwa hiyo hesabu za barafu ndizo tunazoanza nazo, kisha tunarekebisha pale ambapo mmea haufanani na barafu.

Kwa nini kifuniko kinapunguza mwendo wa maji?

Mto ulio wazi unasuguana na sakafu na kingo tu. Juu kuna hewa, na hewa karibu haizuii kitu. Ndiyo maana maji ya juu, katikati ya mto, ndiyo yenye kasi kubwa. Weka kifuniko kilichosimama na maji yanapata ukuta wa pili: sasa yanashikwa chini na yanashikwa juu. Kasi kubwa inahamia katikati ya kina, na wastani wa kasi yote unashuka.

Wahandisi hulieleza jambo hili kwa kugawanya eneo la mkato wa mto kwa urefu wa mzingo unaoguswa na maji. Kwenye mto mpana, kifuniko kinaongeza mzingo huo karibu mara mbili, hivyo jibu la mgawanyo linakuwa karibu nusu ya lilivyokuwa. Katika kanuni ya Manning, ambayo wahandisi hukadiria nayo kasi ya maji mtoni, namba hiyo inapandishwa kwa kipeo cha theluthi mbili, kwa hiyo kasi inabaki takriban asilimia 63 ya ile ya awali kama mteremko, kina na ukwaruzo vyote havijabadilika.

Basi usawa wa maji unapanda kiasi gani?

Tuchukue mto wa mfano: upana mita 20, kina mita 1.5, mteremko wa 0.0004 (sentimita 40 kwa kila kilomita), na namba ya Manning (kipimo cha ukwaruzo) 0.030, ya kawaida kwa sakafu ya mchanga na mawe kidogo. Ukiwa wazi, mto huu unapitisha mita za ujazo 24 hivi kwa sekunde.

Ukiufunika kwa barafu yenye ukwaruzo uleule, bila kubadili kina cha maji, unapitisha 15.7 tu. Lakini kule juu maji hayajapungua. Bado yanakuja 24 kila sekunde. Yanayozidi yanajikusanya, kina kinaongezeka, hadi mto upate nafasi ya kupitisha yote. Kwa mfano wetu hilo linatokea maji yanayotembea yanapofikia kina cha mita 1.95. Hapo tumepanda sentimita 45.

Bado barafu yenyewe. Barafu ina uzito wa kilo 917 kwa mita ya ujazo, hivyo asilimia 92 hivi ya unene wake inazama. Barafu ya sentimita 40 inazamisha sentimita 37. Jumla rula inasoma mita 2.32, yaani sentimita 82 juu ya siku ile mto ulipokuwa wazi, na hakuna hata ndoo moja ya maji iliyoongezeka.

Kwa mto mpana kuna njia ya mkato: kina cha mto ulipokuwa wazi huzidishwa kwa 1.32, kisha unaongeza asilimia 92 ya unene wa barafu.

Kwa nini mnasisitiza sana kwamba rula hudanganya?

Kwa sababu maamuzi yanafanyika kwa kutumia rula. Kila kituo cha kupimia mto kina jedwali lake: usawa fulani ni sawa na mtiririko fulani. Jedwali hilo lilitengenezwa mto ukiwa wazi. Kwenye mfano wetu, msomaji akiona mita 2.32 na kwenda moja kwa moja kwenye jedwali, jibu litakuwa mita za ujazo 47 kwa sekunde. Maji halisi ni 24. Amekosea karibu mara mbili.

Ukigawa vibali vya kutumia maji kwa takwimu hiyo, umegawa maji ambayo hayapo. Ukikokotoa ukubwa wa kalvati kwa takwimu hiyo, umepoteza saruji na nondo. Ndiyo maana tunasema neno moja dogo kwenye daftari la msomaji, «umefunikwa», pamoja na tarehe, lina thamani kubwa kuliko usomaji wa wiki nzima usio na maelezo.

Barafu zote zina ukwaruzo mmoja?

Hapana. Barafu iliyoganda taratibu kwenye maji tulivu ni laini chini, na namba yake ya Manning ni kati ya 0.010 na 0.015. Barafu iliyojengwa na vipande vilivyogongana na kupandana ina ukwaruzo mkubwa mara kadhaa. Kupata namba moja ya mto mzima, hesabu iliyozoeleka ni hii: pandisha namba ya sakafu na ya barafu kila moja kwa kipeo cha 1.5, tafuta wastani wa majibu hayo mawili, kisha upandishe wastani kwa theluthi mbili. Sakafu ya 0.030 na barafu ya 0.020 zinatoa 0.025.

Kuna aina nyingine ya barafu inayosumbua kuliko zote. Maji yenye msukosuko yakipoa chini kidogo ya nyuzi 0, hata kwa sehemu ndogo tu ya nyuzi moja, yanazaa chembe ndogo bapa za barafu ndani ya maji yenyewe. Chembe hizo hunata kwenye kila kitu: mawe ya sakafuni, vyuma, nyavu za kuzuia takataka kwenye mabomba. Kituo cha umeme au cha maji kinaweza kuzibwa usiku mmoja.

Magugu yanayopita yakielea nayo hupandisha maji?

Yanayopita, hapana. Kisiwa cha magugu kinachosafiri kwa kasi ileile ya maji hakiyazuii. Vivyo hivyo vipande vya barafu vinavyoelea. Shida inaanza kinapokwama: kwenye nguzo za daraja, kwenye mafunjo ya mdomoni, kwenye kona kali, kwenye nyaya au nyavu zilizotegwa toka ukingo hadi ukingo. Kikishakwama, kinachofuata kinajipanga nyuma yake. Mto ukiwa na kasi ndogo vipande vinajipanga kimoja nyuma ya kingine. Kasi ikizidi, vinazamishwa na kusukumwa chini ya vile vya mbele, na kifuniko kinakuwa kinene.

Kwa hiyo anayekagua mto asihesabu magugu yanayopita. Akague mahali yanapoweza kusimama.

Magugu yanatofautiana na barafu kwa lipi?

Kwa mambo mengi, na hapa ndipo hesabu za vitabuni zinahitaji mkono wa mwenyeji.

La kwanza ni uzito. Magugu yaliyosongamana hufika kilo 40 kwa mita ya mraba. Uzito huo unazamisha maji ya kina cha sentimita 4 tu, wakati barafu ya mfano wetu ilizamisha 37. Ukitazama uzito peke yake utadhani magugu si kitu. Lakini mizizi inaning'inia chini, na katika maji yenye rutuba kidogo inakuwa mirefu zaidi, hata kupita nusu mita. Ndani ya mizizi hiyo maji yanapita kwa shida sana. Kwenye mto wa kina cha mita 1.5, mizizi ya nusu mita imekunyang'anya karibu theluthi ya njia ya maji. Mizizi inakamata pia udongo, na baada ya muda nyasi nyingine na mafunjo huota juu ya kisiwa, kikawa kizito na kigumu kuking'oa.

La pili, barafu ina msimu. Inakuja na baridi, inaondoka na joto. Magugu yetu hayana likizo: penye mbolea na majitaka yanaongezeka maradufu ndani ya wiki moja hadi mbili. Mto kama Mirongo, unaopita katikati ya jiji la Mwanza ukiwa umebeba uchafu wa mitaa, unayalisha vizuri kabisa.

La tatu ni upepo. Barafu iliyoshikana na kingo haihami. Magugu ya mdomoni yanaweza kuingia asubuhi na kuondoka jioni, yakifuata upepo wa ziwani. Usomaji wa saa tatu asubuhi na wa saa kumi jioni unaweza kuwa wa mito miwili tofauti.

La nne, barafu huzuia maji kupotea hewani, magugu huyapoteza zaidi kupitia majani. Hili lina uzito kwenye mabwawa madogo ya mifugo kuliko mtoni.

Maji yamepanda kwenye rula. Nitajuaje kama ni mvua, magugu, au ziwa lenyewe?

Swali hili ndilo tunaloulizwa kuliko yote, hasa na wa Magu, mahali ambapo mto Simiyu unaingia Ghuba la Speke. Kuna sababu tatu zinazopandisha rula na kila moja ina alama zake.

Mvua ya juu: maji yana tope, yana kasi, yanabeba vijiti na majani makavu, na rula inapanda kwa saa chache kisha inashuka. Simiyu na mito mingine inayotoka nyanda kavu hupanda ghafla namna hii. Miezi ya kiangazi sehemu kubwa inabaki mchanga.

Magugu: rula inapanda polepole, maji yanatulia na kuwa masafi zaidi kwa sababu tope limetua, na upande wa chini wa mto, kupita mahali palipozibwa, usawa haujapanda, pengine umeshuka. Nenda ukaangalie pande zote mbili. Tofauti ya usawa juu na chini ya kizuizi ndiyo ushahidi mkubwa.

Ziwa: rula ya mto inapanda pamoja na rula ya ziwa, siku hadi siku, na kukaa juu kwa wiki au miezi. Mei 2020 na tena Mei 2024 ziwa lilipanda sana, na sehemu za chini za mito zikajaa maji yaliyorudi nyuma bila kizuizi chochote mtoni.

Namna ya kuthibitisha ni rahisi. Simamisha rula mbili kwenye kipande kimoja cha mto, umbali wa mita 500 au zaidi, zikiwa zimepimwa kutoka alama moja ya urefu. Zisome zote mbili kwa wakati mmoja. Mteremko kati yake ukiwa mkali kuliko kawaida wakati kizuizi kiko kati ya rula, ni magugu. Mteremko ukilala karibu bapa, maji yanarudishwa kutoka chini: ama ziwa, ama kizuizi kilicho chini ya rula zote mbili. Hapo tembea kuelekea ziwani hadi ukione.

Mtiririko chini ya barafu unapimwaje?

Wanafunzi wanaokwenda kusoma nje wataifanya kazi hii kwa mikono yao, kwa hiyo tunaieleza kikamilifu.

Kwanza usalama: barafu safi na ngumu ya angalau sentimita 10 kwa mtu mmoja anayetembea, ukiipima kadiri unavyosonga, kwa sababu penye mkondo mkali huwa nyembamba. Toboa matundu kwenye mstari mmoja unaokata mto, yapatayo 20 au zaidi, na uyakaribishe zaidi pale maji yanapokwenda kwa kasi. Lengo ni kwamba kipande kimoja cha mto kati ya matundu kisibebe zaidi ya asilimia 10 ya mtiririko wote. 5 ni bora.

Kwenye kila tundu unapima vitu viwili: kina chote kutoka uso wa maji ya tundu hadi sakafuni, na umbali kutoka uso huo hadi chini ya barafu. Toa cha pili kutoka cha kwanza. Kinachobaki ndicho kina halali. Kama kuna uji wa barafu unaoning'inia chini, hesabu mpaka mwisho wa uji, vinginevyo utajumlisha eneo lisilopitisha kitu.

Kina halali kikiwa sentimita 75 au zaidi, shusha kipima mwendo chenye pangaboi kwenye sehemu ya 0.2 na ya 0.8 ya kina hicho, ukihesabu kutoka chini ya barafu, na uchukue wastani. Kikipungua hapo, pima sehemu ya 0.6 na uzidishe kwa 0.92, au sehemu ya 0.5 na uzidishe kwa 0.88. Mtu aliyezoea mito yetu hupima 0.6 bila kuzidisha na chochote, kwa sababu mtoni palipo wazi inakubalika. Chini ya kifuniko haikubaliki: kasi kubwa imehamia katikati, na utapata namba kubwa kuliko ukweli.

Kati ya tundu na tundu usikae na kipima mwendo hewani. Maji yaliyokwama kwenye pangaboi yanaganda na kulizuia kuzunguka.

Na chini ya magugu je?

Usipime chini yake kama unaweza kukwepa. Ukikata uwazi kwenye magugu, maji yanakimbilia pale na unapima kitu ulichokitengeneza mwenyewe. Tafuta kipande cha mto kilicho wazi na kilichonyooka, kabla maji hayajafika kwenye kizuizi au baada ya kukipita, ili mradi kati ya hapo na rula hakuna kijito kinachoingia wala pampu kubwa inayovuta. Pima pale kwa 0.2 na 0.8 za kawaida. Siku hiyohiyo soma rula iliyofunikwa.

Sasa rudi kwenye jedwali la kituo. Mtiririko uliopima unalingana na usawa gani mto ukiwa wazi? Tuseme jedwali linasema mita 1.10 na rula inasoma 1.65. Sentimita 55 ni mchango wa magugu. Rudia baada ya siku 7 hadi 10. Ikiwa sasa ni 70, siku za katikati unazikadiria kwa kupandisha kidogo kidogo kutoka 55 hadi 70. Kila usomaji unaupunguza kwa kiasi hicho kabla ya kwenda kwenye jedwali. Wanaopima mito inayoganda hufanya hivyo majira yote ya baridi. Kwa magugu yanayohama na upepo, siku saba ni nyingi mno. Soma rula mara tatu kwa siku na uandike kama magugu yapo au hayapo.

Kalvati au daraja limezibwa. Tuanze kutoa upande gani?

Anzeni upande wa chini, pale kizuizi kinapoishia, mkipanda taratibu kuelekea juu. Mkianza juu, vipande mnavyovikata vinatelemka na kujisindika kwenye vilivyokwama, na kizuizi kinazidi kuwa kigumu. Hata wanaovunja barafu iliyosakama mtoni huanza chini.

Vifaa: mapanga ya mpini mrefu, reki za meno marefu ya chuma, kamba ya manila ya kuvutia, mtumbwi ulioshikwa na kamba kutoka ukingoni, na maboya ya kuvaa kwa kila aliye majini. Kateni vipande vya mita 2 kwa 2. Vikubwa zaidi ya hapo havitoki kwa nguvu za watu. Asisimame mtu juu ya magugu, hata yawe yameota nyasi na kuonekana kama nchi kavu. Wala asiingie mtu ndani ya kalvati lililozibwa wakati maji yamejaa upande wa juu.

Mabuti marefu na glavu si mapambo. Konokono wa kichocho hupenda majani yaliyo majini, nyoka hujificha humo, na mdomoni mwa mito kuna mamba na viboko.

Kizuizi kikiachia ghafla inakuwaje?

Maji yaliyokuwa yamehifadhiwa nyuma yanatoka kwa pamoja. Kwenye mito ya barafu wimbi hilo hukimbia mita 3 hadi 5 kwa sekunde, likiwa na vipande vinavyovunja nguzo. Mito mikubwa ya Siberia ina balaa lake zaidi kwa kuwa inatiririka kwenda kaskazini: huko juu inayeyuka wakati huku chini bado imeganda. Mji wa Lensk, kando ya mto Lena, uliharibiwa vibaya na mafuriko ya namna hiyo Mei 2001.

Magugu ni mepesi na mteremko wetu mdogo, hivyo wimbi lake haliwezi kufikia hayo. Lakini kwa kinamama wanaofua chini ya daraja na watoto wanaooga, nusu mita ya maji ya ghafla inatosha kuua. Kabla ya kukata, watu wa chini waambiwe watoke, na mmoja wenu abaki kule kuangalia.

Kuna pia hatari isiyoonekana: maji yanayobanwa chini ya kizuizi kinene huchimba sakafu. Baada ya kusafisha, pimeni kina kuzunguka nguzo za daraja kwa mti mrefu au kamba yenye jiwe. Mkikuta shimo jipya, toeni taarifa kwa wahusika wa barabara kabla malori hayajaendelea kupita.

Pampu yangu inavuta hewa na magugu. Nifanyeje?

Shusha mdomo wa bomba chini ya mizizi, angalau nusu mita chini ya uso wa maji, lakini usiguse tope. Sentimita 30 kutoka sakafuni zinafaa. Uzungushie wavu mpana, mkubwa mara kadhaa kuliko mdomo wenyewe, ili maji yaingie polepole yasiyavute majani. Mita 3 hadi 5 mbele, funga kamba yenye madumu matupu ya lita 20 ikikata mkondo kwa mshazari, ili magugu yasukumwe kuelekea ukingoni unakoweza kuyatoa. Kamba inayokata mkondo kwa pembe mraba inayakusanya katikati, halafu inakatika.

Samaki wanaathirika?

Ndiyo. Kifuniko kinazuia hewa kuingia majini, iwe barafu au magugu, na mimea inayooza chini inamaliza oksijeni iliyobaki. Sangara huondoka au kufa mapema. Kamongo na kambare huvumilia kwa kuwa wanaweza kuvuta hewa juu ya maji. Ukiona wavu unatoa kamongo na kambare tu mahali palipokuwa na sato na sangara, maji ya chini yamekosa hewa.

Wale wadudu wa kula magugu wanasaidia?

Wanasaidia, kwa subira. Mbawakawa wadogo wa jamii ya Neochetina waliachiwa ziwani miaka ya 1990 na wanashambulia majani na shina. Wanadhoofisha mmea kwa miezi mingi. Kalvati lililozibwa leo haliwasubiri, kwa hiyo kazi ya mikono na ya wadudu zinakwenda pamoja. Ukisafisha, acha sehemu ndogo yenye majani yaliyoliwa mahali pasipozuia maji ili wadudu wabaki.

Magugu yaliyotolewa yawekwe wapi?

Juu ya mstari ambao maji ya masika hufika, na mbali na mfereji wowote. Hekta moja iliyosongamana inatoa tani 400, ambazo ni safari 40 za Fuso la tani 10, kwa hiyo panga usafiri kabla ya kukata. Zaidi ya asilimia 90 ya uzito ni maji. Ukiyatandaza juani ukingoni kwa siku kadhaa, mzigo unapungua sana na unaokoa mafuta ya gari. Yasirundikwe ukingoni kusubiri bajeti: mvua moja kubwa inayarudisha yote mtoni, na mbegu zilizodondoka kwenye tope hubaki hai kwa miaka mingi, kwa hiyo sehemu iliyosafishwa ikaguliwe kila baada ya wiki mbili na miche michanga ing'olewe kwa mkono ingali midogo.